Deraya ya Askari wa Anga: Kuanzia Kipimo hadi Kuivaa

Habari zenu wapendwa watazamaji, karibuni barazani kwetu. Huyu mnayemwona nyuma yangu ni mdogo wangu, na amevaa deraya kamili, yaani vazi la kivita, ya askari wa anga za mbali: kifua, mgongo, mabega, mikono, mapaja na miguu. Mtazameni kwanza. Anakaa kwenye stuli. Anainama, anafunga kamba za viatu. Anainuka bila kushikwa mkono. Nimeanza na hayo kwa makusudi, maana deraya nyingi za hadithi za kisayansi zinapendeza pichani mtu akiwa amesimama wima, halafu mwenyewe anashinda kutwa nzima hawezi kukaa. Ya leo ni ya kuvaliwa kutwa.

Malighafi yetu ni sponji ngumu ya EVA. Hata kama jina ni geni, kitu chenyewe unakijua: ndiyo ile mikeka ya rangi rangi ya watoto inayopachikana kama meno, na ndiyo tabaka laini la kati kwenye soli za raba za kukimbilia tangu miaka ya 1970. Ni nyepesi, kisu kinaipita, na ikipashwa moto inakubali umbo. Natumia milimita 10 kwa kifua na mgongo, milimita 5 au 6 kwa mikono na miguu, na milimita 2 kwa mapambo. Mkeka wa watoto huwa na upande wenye vipele. Huo uweke ndani. Gundi ni ya mafundi viatu, ile ya manjano. Moto wetu ni bloa, ile mashine ya kupuliza hewa ya moto, na kama huna, fundi simu wa mtaani kwako anayo, muombe kwa heshima.

Haya, kipimo. Mvaaji avae nguo zilezile za ndani atakazovaa siku yenyewe, na viatu vilevile. Pima kifua mara mbili: akiwa ametoa pumzi yote, na akiwa ameivuta hadi mwisho. Kwa mdogo wangu tofauti ilikuwa sentimita 5. Hizo tano ziandike ukutani, tutazirudia.

Sasa mzungushie nailoni ya kufungia chakula kuanzia kiunoni hadi mabegani, usikaze. Juu yake bandika selotepu pana ya karatasi, tabaka mbili. Chukua kalamu nzito uchore moja kwa moja juu ya mwili: mstari wa katikati ya kifua, ukingo wa shingo, mahali kiuno kinapokunjika. Kwa kiuno usikisie. Mwambie ainame, uone mkunjo unatokea wapi, chora hapo. Kwapani acha nafasi ya vidole vitatu. Ukimaliza, kata selotepu na nailoni mgongoni kwake kwa mkasi wenye ncha butu, polepole. Ganda linalobaki ndilo umbo lake. Lipasue kwenye mistari, na tumia nusu moja tu. Nusu ya pili ni kuigeuza karatasi. Ukitumia nusu zote mbili deraya itakwenda upande, kwa sababu hakuna mtu ambaye kulia kwake na kushoto kwake viko sawasawa.

Kukata. Wembe mpya, tena mpya kweli. Sponji hii inakula makali haraka kuliko unavyodhani, na wembe butu hauikati, unairarua, unaacha ukingo wenye meno ambao rangi haitauficha. Kata kwa mikupuo miwili mirefu, usisukume na kurudi kama msumeno. Penye kona kali, kwa mfano ule mwinuko unaoshuka katikati ya kifua, laza wembe nyuzi 45 kwenye kingo zote mbili. Zikikutana zinajikunja zenyewe.

Kabla ya gundi, pitisha bloa juu ya kila kipande. Sogeza kamera karibu hapa. Mnaona uso unavyobadilika, unakuwa laini na kung'aa kidogo? Matundu ya sponji yanajifunga, na baadaye hayatainywa rangi yako yote. Kikiwa bado cha moto, kikunje juu ya goti au sufuria, kishikilie hadi kipoe. Usikimbilie kiberiti wala jiko la gesi. Sponji ikiungua inatoa moshi mbaya na hairudi.

Gundi sasa, na hapa naomba tutulie, maana hapa ndipo deraya nyingi hufia. Paka tabaka jembamba kwenye kingo ZOTE mbili. Weka chini. Subiri dakika 5 hadi 10, mpaka ukigusa kwa kidole isivutike nyuzi. Ndipo uunganishe, kuanzia ncha moja kwenda nyingine, kidole kwa kidole, ukibana. Ikishika imeshika, hakuna kusogeza. Ya kwanza niliyotengeneza niliiunganisha mwezi wa nne, masika yamekolea, mlango umefungwa kwa sababu ya mvua. Gundi ilipokauka ikafanya ukungu mweupe juu. Nikaona si kitu, nikabana. Siku ya kuvaa, mbele za watu, kifua kilifunguka katikati kuanzia shingoni hadi kitovuni. Unyevu wa hewa ulikuwa umelala juu ya gundi kabla sijaunganisha. Kwa hiyo ukiona ukungu huo, futa, paka upya, ngojea jua. Na daima fanyia kazi nje au barazani kama mimi hapa, na barakoa yenye kichujio cha mvuke wa kemikali. Barakoa ya kitambaa haizuii harufu hii, na harufu hii inaumiza kichwa na mapafu.

Vipande vimeshika. Sasa tumfikie mvaaji.

Mafundi wa deraya wa Milan (Italia) na Augsburg (Ujerumani) katika karne ya 15 walitengeneza vazi la chuma la kilo 20 hivi, na mtu akapanda farasi nalo. Siri yao haikuwa chuma, ilikuwa namna ya kukitundika. Bamba moja lililalia jingine kama magamba ya samaki, na kwa ndani yakashikwa kwa mikanda ya ngozi, ili likisogea moja jingine lifuate. Deraya yetu haifiki kilo 5, lakini sheria ni ileile.

Tumbo, basi, tusilikate kipande kimoja. Likate mikanda mitatu ya upana wa sentimita 7, kila mmoja ulalie mwenzake sentimita 2, na uishone kwa ndani kwenye lastiki mbili pana zinazoshuka wima. Akiinama, mikanda inaingiliana. Akisimama, inashuka mahali pake. Pembeni, kati ya kifua na mgongo, usiunganishe kwa gundi. Weka lastiki ya upana wa sentimita 5 upande mmoja na bizimu za plastiki za mabegi upande wa pili. Zile sentimita 5 za pumzi mnazikumbuka? Lastiki ndiyo inayozibeba.

Bega halitundikwi kwenye mkono. Litundike kwenye ukanda wa kifua, juu kabisa, kwa kipande cha mkanda wa begi, halafu lastiki nyembamba ilizungushe mkono kwa chini ili lisipeperuke. Mdogo wangu alipolijaribu mara ya kwanza aliinua mkono akasema, “Kaka, hapa panakata.” Nikaangalia: ukingo wa kifua ulikuwa unamchoma kwapani, ngozi imeshakuwa nyekundu. Sikumwambia avumilie. Nilikata sentimita moja na nusu, nikaulainisha ukingo kwa msasa namba 240, akainua tena. Dakika kumi zikaisha. Nakuomba ufanye hivyo kila panapouma. Kinachouma kidogo sebuleni, baada ya saa tatu juani ni kidonda.

Mapaja nayo yasibane mguu ndipo yasishuke. Mguu utakufa ganzi. Yaning'inize kwenye mkanda wa kiunoni uliofichwa chini ya mikanda ya tumbo, kama shumizi inavyoning'inia mabegani. Nyuma ya paja acha wazi sentimita 10, ndiyo maana jamaa anakaa.

Rangi tutaipita haraka. Gundi nyeupe ya mbao iliyolegezwa kwa maji kidogo, tabaka tatu, kila tabaka likauke kabisa. Halafu nyeusi yote. Halafu rangi yako kuu. Mwisho chovya kipande cha sifongo kwenye rangi ya fedha, kikaushe kwenye gazeti mpaka kinabaki na kidogo sana, uguseguse kingo tu. Makovu ya vita yaweke panapogusana kweli: viwiko, magoti, ukingo wa bega. Yakitapakaa kila mahali, jicho halitayaamini.

Siku ya kuvaa, anza na miguu, mapaja, kiuno, kifua, mabega, mikono mwisho. Unahitaji mtu wa kukufungia bizimu, na mtu huyohuyo akukumbushe maji, kwa sababu ndani humu jasho halina pa kwenda. Mimi nimeweka feni ndogo ya volti 5 mgongoni, inakula pawabenki ya mfukoni. Na kama unasafiri nayo, tuseme unaipeleka NAICCON, tamasha la vibonzo kule Nairobi, usiiache kwenye gari lililofungwa juani. Joto lile linatosha kuilegeza sponji na kuachanisha gundi. Ipakie kwenye sanduku, kifua kikiwa kimejazwa nguo ndani kisiporomoke, na pembeni weka kichupa cha gundi, lastiki mita moja, sindano na bizimu mbili za akiba.

Mdogo wangu, panda ngazi tuone. Sawa. Sasa shuka bila kushika ukuta.