Tuanzie Kwenye Uso wa Mkunga

Wauguzi wenzangu, wanaonifahamu wameshaanza kucheka, wanajua naanzia wapi. Leo ni zamu ya mama aliyekeketwa anapokuja kujifungua, nami naanzia kwenye uso.

Mama mmoja wa Kipokot alipandishwa kitandani leba. Sista wa zamu akafunua shuka, akatazama, akasema, "Yesu wangu!" Kisha akafanya baya zaidi: akawaita wenzake waje kuona. Wakaja watano. Mmoja hakuwa hata wa wodi ile, alikuja kuazima mkasi! Mimba iliyofuata mama yule alijifungulia nyumbani. Mnamlaumu? Mimi simlaumu. Yule sista alikuwa na diploma, ila uso wake haukuwahi kufundishwa.

Nasikia mtu nyuma ananong'ona: "Lakini sista, Uganda wanawake waliokeketwa ni asilimia 0.3 tu." Kweli, utafiti wa taifa wa 2016 ulisema hivyo. Hiyo ni ya nchi nzima, mwanangu. Ukipangiwa Amudat, kwa Wapokot, hujapangiwa nchi nzima. Na ukikaa hapa Mbale, akina mama wa Kapchorwa, Kween na Bukwo wanateremshwa mlimani kwa rufaa, tena usiku.

Sasa kazi yenyewe. Aliyekeketwa kisha akashonwa, akaachiwa tundu dogo tu, hafunguliwi kwa kubahatisha. Choma ganzi, pitisha kidole chini ya kovu, kata katikati ukielekea juu, taratibu, usije ukajeruhi njia ya mkojo. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani (WHO) wa 2016 ulikubali kufanya hivyo wakati wa ujauzito au wa uchungu. Mimi napendelea mapema, mama akiwa bado na nafasi ya kuuliza. Wengi wetu tunakimbilia kuongeza njia pembeni na kuliacha kovu palepale. Umemkata, na hujamfungua! Mwambie pia kwamba mkojo utatoka kwa kasi na kwa sauti. Asipoambiwa, atadhani umemharibu.

Mume akiomba "mrudishie kama alivyokuwa"? Hapana. Huko ni kukeketa upya, na sheria yetu ya 2010 inaweza kumfunga maisha mhudumu wa afya anayekeketa.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Haya, maumivu ya ndoa, huzuni, hofu ya polisi, vyote nilikuwa navyo hapa kwenye karatasi, mtanifuata kwenye chai. Moja tu: kliniki ya wajawazito, muulizeni mama kama amekeketwa. Muulizeni peke yake, kwa lugha yake, Kipokot au Kikupsabiny, na mkalimani asiwe mama mkwe.