Bastola ya Mama Hinton

Ndugu zangu, nitasimulia kesi moja inayoonyesha jinsi umaskini na rangi vinavyompeleka mtu kwenye hukumu ya kifo. Nikirundika nyingi mtazisahau zote kabla hamjafika getini.

Mwaka 1985, Birmingham, jimbo la Alabama, mameneja wawili wa migahawa waliuawa kwa risasi katika matukio mawili ya ujambazi. Hakuna aliyeshuhudia, wala alama ya kidole haikupatikana. Kisha meneja wa tatu akapigwa risasi, akapona, akamtambua Anthony Ray Hinton, kijana Mweusi wa miaka 29. Saa hiyo Hinton alikuwa zamu ya usiku, ndani ya ghala lililofungwa, maili 15 hivi kutoka hapo. Hinton anasimulia kwamba askari alimwambia haijalishi umefanya au hukufanya: wewe Mweusi, shahidi mzungu, mwendesha mashtaka mzungu, jaji mzungu.

Nyumbani kwa mama yake ikachukuliwa bastola kuukuu. Wataalamu wa serikali wakasema risasi zote sita za matukio yale matatu zimetoka humo. Basi, kesi ya mauaji ikabaki inaning'inia kwenye bastola ya bibi wa watu.

Sasa nisikilizeni hapa. Wakili aliyepangiwa na mahakama aliamini sheria inamruhusu dola 1,000 tu za kumlipa mtaalamu. Jaji alimwambia zikipungua aombe tena. Hakuomba. Kumbe kikomo kile kilikuwa kimefutwa zaidi ya mwaka mmoja kabla! Kwa hela hiyo akampata mtu mmoja tu, ambaye hata yeye wakili hakuwa na imani naye. Kizimbani mtu huyo akakiri kwamba hadubini ilimshinda, akawaomba wataalamu wa upande wa pili wamsaidie. Akaulizwa kuhusu macho yake. Akajibu: ninalo moja.

Hinton akahukumiwa kifo.

Najua kuna atakayesema huo ni umaskini, rangi imeingiaje? Nenda jimbo la Georgia, kesi ya Timothy Foster, mshtakiwa Mweusi, 1987. Karatasi za waendesha mashtaka zilipokuja kuonekana, miaka karibu 20 baadaye, majina ya raia Weusi walioitwa kuketi kwenye jopo la raia wanaoamua kama mtu ana hatia yalikuwa yamepakwa wino wa kijani, na herufi B pembeni, yaani “Black”, Mweusi. Wanne waliobaki hadi mwisho wakaenguliwa wote. Umaskini haupakwi wino wa kijani.

Wakili Bryan Stevenson alipoichukua kesi ya Hinton, mwaka 2002 alileta wataalamu watatu. Hakuna aliyeweza kusema risasi zile ni za bastola ile. Ilichukua miaka 12 mingine Mahakama ya Juu ya Marekani kuamua, kwa kauli moja, kwamba wakili wa kwanza alizembea.

Aprili 3, 2015 Hinton akaachiwa, baada ya karibu miaka 30. Rafiki yake akampeleka kaburini kwa mama yake, aliyefariki 2002. Njiani sauti ya mwanamke, ya kile kifaa cha kuonyesha njia, ikasema pinda kulia. Hinton akashtuka, akageuka kutazama kiti cha nyuma: nani huyo?