Windows 10 Imeachwa: Laptopu ya Mtumba Ifanyiwe Nini?

REHEMA: Karibuni tena. Leo tuko na zile laptopu za mtumba zilizojaa majumbani na madukani: HP EliteBook 840 G1, Dell Latitude E7440 na ndugu zake. Prosesa ni Intel kizazi cha nne, ndani kuna Windows 10. Kaka Salum, mashine bado inawaka na kazi inafanya. Hatari iko wapi?

SALUM: Chuma hakina neno, dada. Hatari iko kwenye mfumo. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilimaliza kuihudumia Windows 10, maana yake viraka vya usalama, yaani masasisho ya kuziba matundu ya mfumo, haviji tena vyenyewe. Na hizi mashine hazikubaliki rasmi kwenye Windows 11, kwa sababu inataka Intel kizazi cha nane kwenda juu pamoja na TPM 2.0, chipu ya kutunza funguo za siri.

REHEMA: Mtu atasema, "Mimi nina antivairasi."

SALUM: Naomba hili lieleweke vizuri. Kila Jumanne ya pili ya mwezi Microsoft hutoa viraka vya Windows 11, na sehemu kubwa ya ndani ya 10 na 11 ni ileile. Mhalifu anachukua faili la kabla ya kiraka na la baada yake, anayalinganisha, anagundua tundu lilipokuwa. Kwenye 11 limeshazibwa. Kwenye 10 isiyopata viraka litabaki wazi. Antivairasi kazi yake ni kukamata programu mbaya, kuziba tundu la mfumo haiwezi. Tena aliyeingia kupitia kiini cha mfumo anaweza kuizima hiyo antivairasi.

REHEMA: Na Mei 2017 dunia ililiona hilo kwa kirusi cha WannaCry. Kiraka kilitoka Machi, lakini kompyuta nyingi hazikuwekewa. Mafaili yakafungwa kwa kudai fidia, na hospitali za Uingereza zikaahirisha miadi ya wagonjwa. Wala haikuhitaji mtu abofye kitu. Ilirukia kompyuta moja hadi nyingine kupitia SMB toleo la kwanza, ile huduma kongwe ya kushirikiana mafaili.

SALUM: Basi tuanze hivi. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika winver. Ukikuta 22H2, upo mpango wa nyongeza wa Microsoft, ESU, unaoleta viraka mpaka tarehe 13 Oktoba 2026. Ingia Settings, kisha Update & Security, kisha Windows Update, utafute kiungo cha kujiandikisha. Lazima uwe na akaunti ya Microsoft. Ukikubali mipangilio ya kompyuta ihifadhiwe kwenye akaunti hiyo, hulipi. Hutaki? Ni dola 30. Ukikuta toleo la chini ya 22H2, sasisha kwanza hadi hapo.

REHEMA: Na ile Windows iliyochakachuliwa?

SALUM: Hapo sina maneno laini. Programu za kuiamsha Windows bila leseni hukuambia uzime antivairasi, kisha uziendeshe kwa mamlaka ya msimamizi. Ukishafanya hivyo, hakuna tena unachoweza kukiamini ndani ya mashine ile. Usitafute viraka. Futa diski yote, weka mfumo safi.

REHEMA: Mfumo gani? Maana mafundi wengine wanapachika Windows 11 kwa nguvu.

SALUM: Inawezekana, lakini Microsoft haijifungi kuipa mashine hiyo masasisho, na kupanda toleo jipya kila mwaka unabaki kuhangaika mwenyewe. Mimi ningeweka Linux Mint, mfumo mwingine unaokaa mahali pa Windows, toleo lake jepesi la Xfce. Inakwenda na RAM ya 2GB, ila 4GB ndiyo ya kufanyia kazi kwa raha. Mint 22 inapata masasisho hadi 2029, bila malipo. Faili lake linakaribia 3GB, kwa hiyo bando uliandae.

REHEMA: Tupe hatua, polepole.

SALUM: Kwanza nakili nyaraka na picha kwenye diski ya nje, ufungue kadhaa kwenye kompyuta nyingine kuhakikisha zinasomeka. Pakua Mint kwenye tovuti yake yenyewe. Uiandike kwenye flashi ya 8GB kwa programu ya Rufus. Kuburuta faili na kulitupa kwenye flashi hakutawasha mashine. Kisha washa kompyuta ukigonga F12 kwa Dell, au F9 kwa HP, uchague flashi. Mint itawaka bila kugusa diski. Hapo ndipo watu wanaharakisha! Jaribu kwanza Wi-Fi, sauti, kamera na printa yako, maana baadhi ya kadi za Wi-Fi na printa hudai dereva ya ziada, yaani programu ya kukiendesha kifaa. Vyote vikikubali, ndipo usakinishe.

REHEMA: Kama mfukoni kuna kitu kidogo, badilisha diski ya kuzunguka uweke SSD, diski isiyozunguka, ya SATA ya inchi 2.5, mashine itabadilika kabisa. RAM ukiongeza, angalia: kizazi cha nne cha laptopu kinatumia DDR3L ya volti 1.35. DDR3 ya kawaida, ya volti 1.5, nyingi huzikataa. Sasa, yupo mwenye duka ambaye programu yake ya hesabu inataka Windows tu.

SALUM: Aiache kwenye Windows, lakini aitoe mtandaoni. Na kama ni lazima iingie mtandaoni, ahamishe barua pepe kabla hata ya benki. Mwenye barua pepe yako anabonyeza "nimesahau nywila" na kufungua akaunti zako nyingine zote. Barua pepe na benki zifungulie kwenye simu inayopata masasisho.

REHEMA: Kwenye mashine hiyo, akaunti ya kila siku iwe ya kawaida, ya msimamizi ibaki pembeni na nywila yake. Mtandao uwekwe Public, ili kompyuta nyingine zisiione, Remote Desktop, ile ya kuiendesha mashine ukiwa mbali, izimwe, na kwenye "Turn Windows features on or off" toa alama kwenye SMB 1.0. Kivinjari nacho kina mwisho wake: Chrome iliacha Windows 7 na 8.1 mwaka 2023, ikaishia toleo la 109.

SALUM: Kitu kingine ambacho mafundi hawakisemi: betri ya saa, ile CR2032 kwenye bodi. Ikifa, tarehe inarudi nyuma miaka, kivinjari kinaona vyeti vya tovuti si halali, kinatoa onyo kila mahali. Mtu anazoea kulipuuza, siku ya tovuti bandia analipuuza pia. Kwenye laptopu mara nyingi huja na waya wake, hivyo chukua yenye waya.

REHEMA: Na ile diski ya nje ya nakala?

SALUM: Ichomeke wakati wa kunakili tu, kisha ichomoe. Virusi vya kudai fidia hufunga kila diski vinayoikuta imeunganishwa. Mwenye duka anakili data ya hesabu kila jioni, kwa diski mbili za kupokezana.