Gylfi bin Sigurður na Bao Moja Lililokosekana

HAMISI: Tupo hewani? Haya. Assalaam aleikum, na hamjambo popote mlipo. Hamisi hapa, Tanga, na mwenzangu Zuhura yuko Unguja.

ZUHURA: Unguja, mvua imenyesha tangu alfajiri. Hamisi, sauti yako leo si ya kawaida.

HAMISI: Si ya kawaida, ndiyo. Yusufu wangu mnamjua.

ZUHURA: Nani asiyemjua Yusufu! Winga wa kushoto, anakula chapati tano kabla ya mazoezi.

HAMISI: Jumatano alikuwa na mechi yake ya kwanza ya mashindano ya chini ya miaka 15. Fomu niliijaza mimi, kwa mkono wangu. Ina visanduku viwili tu: jina la kwanza, jina la ukoo. Nikaandika Yusufu, nikaandika Hamisi, kwa sababu ni mwanangu. Tumefika uwanjani, mkaguzi ameshika cheti cha kuzaliwa mkono huu, fomu mkono huu. Cheti kinasema Yusufu Hamisi Shekue. Akasema, ukoo ni Shekue, hapa pameandikwa Hamisi, kwa hiyo huyu ni mtoto mwingine. Akamkata kwenye orodha.

ZUHURA: Subhanallah. Na wewe umesimama hapo hapo?

HAMISI: Nimesimama hapo hapo. Simlaumu sana, udanganyifu wa umri upo na wameambiwa wakaze. Lakini mtoto kakaa pembeni mechi nzima, viatu kafunga, soksi kazivuta mpaka magotini. Tunarudi kwenye bodaboda, yuko nyuma yangu, akaniuliza sikioni: "Baba, kwani jina lako halitoshi?"

ZUHURA: Ukamjibu nini?

HAMISI: Sikumjibu. Usiku ndipo nikakutumia ujumbe kwamba wiki hii tuzungumze timu ya vijana ya Iceland.

ZUHURA: Na mimi sikukuuliza sababu, nikajiandaa. Nina mafunzo matatu kwenye daftari, yamepangwa vizuri. Tuanze na hadithi yenyewe kwa wasioijua, kisha mafunzo.

HAMISI: Anza.

ZUHURA: Mwaka 2010 Iceland ina watu kama 318,000. Nchi nzima hiyo. Timu yao ya wanaume chini ya miaka 21 haijawahi kufika fainali za Ulaya, na fainali zenyewe wakati huo ni timu nane tu. Kwenye kundi lao la kufuzu yupo Mjerumani, bingwa mtetezi, aliyemfunga Mwingereza 4-0 kwenye fainali ya 2009. Agosti 11 Mjerumani kaenda Hafnarfjörður, mji mdogo karibu na Reykjavík. Wakamchapa 4-1.

HAMISI: Nne!

ZUHURA: Nne. Wafungaji: Birkir Bjarnason, Gylfi Sigurðsson, Kolbeinn Sigþórsson, Alfreð Finnbogason.

HAMISI: Hapo. Simama hapo. Rudia majina.

ZUHURA: Hamisi, bado sijafika kwenye mchujo.

HAMISI: Rudia tu, dada, maana ndiyo sababu ya ujumbe wangu. Hawa hawana ukoo! Ile "son" mwishoni ni "bin". Gylfi Sigurðsson ni Gylfi bin Sigurður. Baba yake anaitwa Sigurður, basi. Babu hayumo. Gylfi akizaa, mtoto hawi Sigurðsson, anakuwa wa Gylfi.

ZUHURA: Na mwanamke ni "dóttir", yaani binti. Hilo nalijua. Na akiolewa habadilishi, anabaki binti wa babake.

HAMISI: Kama bibi zetu! Kitabu chao cha simu kilipangwa kwa majina ya kwanza. Rais wao wanamwita kwa jina lake la kwanza. Nchi nzima, serikali nzima, shirikisho la mpira, fomu zote, wanaandikisha bin na binti, na hakuna mtoto anayekaa benchi kwa sababu hiyo.

ZUHURA: Kwa hiyo Kolbeinn bin Sigþór.

HAMISI: Birkir bin Bjarni. Alfreð bin Finnbogi.

ZUHURA: Aron bin Gunnar. Jóhann Berg bin Guðmundur. Kocha, Eyjólfur bin Sverrir. Wallahi inasikika kama orodha ya mashahidi wa ndoa Pemba.

HAMISI: Na sikiliza herufi zao. Ile wanayoiandika kama d iliyokatwa mkia juu, ni dh yetu. Ile nyingine kama p yenye kichwa kirefu, ni th yetu. Watangazaji wengi wa nje husema "Sigurdsson". Sisi tunaweza: Sigurdhur. Sigthor. Dhambi, thamani. Mtoto wa madrasa anayatamka bila shida.

ZUHURA: Ee, hilo sikuliwaza. Sigthor. Kweli.

HAMISI: Sasa nina mchezo. Nakutajia wawili, wewe useme: ndugu au si ndugu. Gylfi Sigurðsson na Ragnar Sigurðsson, wote walikuwa uwanjani Nice, Ufaransa, kwenye fainali za Ulaya za wakubwa mwaka 2016.

ZUHURA: Si ndugu. Akina Sigurður ni wengi kule kama akina Juma hapa.

HAMISI: Bjarni Viðarsson, nahodha wa vijana wale, na Arnar Viðarsson, aliyekuja kufundisha chini ya 21 baadaye?

ZUHURA: Si ndugu.

HAMISI: Ndugu! Baba mmoja, bin Viðar wote wawili.

ZUHURA: Umenipata. Haya, nami. Arnór Guðjohnsen na Eiður Guðjohnsen?

HAMISI: Huyo... hapo hakuna "son". Ni "sen".

ZUHURA: Hilo ni jina la ukoo kabisa, wapo wachache wenye nalo. Na wale ni baba na mwana. Mwaka 1996 huko Tallinn, Iceland wanacheza na Estonia, Arnór anatoka, anaingia mwanawe Eiður, ana miaka 17. Baba kampisha mwana uwanjani.

HAMISI: Laiti ningekuwa mimi na Yusufu.

ZUHURA: Wewe na lile goti?

HAMISI: Goti lingenyamaza siku hiyo. Na kanuni yao nimeijifunza. Bjarni anakuwa Bjarnason, Gísli anakuwa Gíslason. Ile "i" ya mwisho inageuka "a". Kwa hiyo Yusufu ni Yusufu Hamisason.

ZUHURA: Hamisason! Namba kumi na moja. Na mimi, baba yangu Omari, basi Omaradóttir. Tafadhali turudi, mchujo, yaani mechi mbili za mwisho za kufuzu. Oktoba wakakutana na Scotland. Nyumbani wakashinda 2-1, marudiano Edinburgh wakashinda tena 2-1, mabao yote mawili ya bin Sigurður. Wakafuzu. Na hapa ndipo penye funzo langu la kwanza, kwa sababu ile mechi ya Edinburgh ilikuwa tarehe 11, na kesho yake, tarehe 12, timu ya wakubwa inacheza na Ureno, Reykjavík.

HAMISI: Na Ronaldo yupo.

ZUHURA: Ronaldo yupo, na alifunga. Lakini Gylfi, Kolbeinn, Aron, vijana ambao wakubwa walikuwa wanawahitaji, wameachwa wabaki na timu yao ya vijana. Nchi imechagua watoto wake. Nasema walifanya sawa.

HAMISI: Na mimi nasema walikosea.

ZUHURA: Wewe! Umetoka kulia kwa ajili ya mtoto aliyewekwa benchi!

HAMISI: Ndiyo, na ndiyo maana nasema. Timu ya taifa ni moja. Mtu wa Reykjavík kanunua tiketi, Ureno kaja mpaka mlangoni, siku kama hiyo huipati kila mwaka. Halafu mchezaji wako bora yuko Scotland anacheza na vijana. Wakafungwa 3-1. Na wakubwa walimaliza kundi lao la kufuzu Euro 2012 na pointi 4 tu, wa nne kati ya watano, Cyprus pekee chini yao. Unawaambia nini wachezaji wakubwa waliobaki? Kwamba hii mechi tumeshaitoa?

ZUHURA: Ninawaambia subirini. Uwanjani Nice, 2016, Mwingereza kafungwa 2-1. Kwenye kumi na mmoja walioanza, watano walikuwa wale vijana: Gylfi, Aron, Kolbeinn, Jóhann Berg, Birkir. Bao la ushindi ni la Kolbeinn. Wale walijifunza kushinda pamoja, wakiwa timu moja. Ungemtoa Gylfi umpeleke kwa wakubwa akafungwe na Ronaldo, angejifunza nini?

HAMISI: Angejifunza kucheza na Ronaldo! Na usinipe Nice kama ushahidi. Kati ya Edinburgh na Nice kuna kocha wa wakubwa, Lars Lagerbäck.

ZUHURA: Huyo hana bin, ni Msweden.

HAMISI: Hana bin, lakini yeye na Heimir bin Hallgrímur, yule daktari wa meno, ndio waliowapanga. Wangekuwa wachezaji wale wale hata wasingeenda Edinburgh.

ZUHURA: Hapana. Mtoto asiyepewa mechi yake kwa wakati wake, hairudi. Hairudi, Hamisi. Wewe Jumatano umeona kwa macho yako.

HAMISI: ... Nimeona. Lakini Yusufu hakuachwa ili mtu mwingine apate. Yule aliyekaa Reykjavík anasubiri mechi ya Ureno, naye mechi yake hairudi. Yeye nani anamsemea?

ZUHURA: Mimi simsemei. Nasemea vijana.

HAMISI: Basi hapo tumekwama.

ZUHURA: Tumekwama. Sibadilishi.

HAMISI: Wala mimi. Tuambie Denmark, fainali zenyewe.

ZUHURA: Juni 2011. Mechi ya kwanza wamepigwa na Belarus 2-0. Ya pili Uswisi, 2-0 tena. Watu wengine wangefunga mabegi. Ya tatu wanacheza na mwenyeji, Denmark, mjini Aalborg. Wakashinda 3-1.

HAMISI: Kwa Denmark kwenyewe.

ZUHURA: Kwao. Sasa sikiliza msimamo. Uswisi pointi 9. Belarus, Denmark na Iceland, kila mmoja pointi 3. Kila mmoja kafunga mabao 3, kafungwa 5. Sawa kabisa! Ikabidi waangalie mechi za wao kwa wao, watatu hao. Belarus kapita kwa bao moja. Iceland wangefunga la nne Aalborg, wangeingia nusu fainali.

HAMISI: Bao moja.

ZUHURA: Na Belarus alikwenda akachukua nafasi ya tatu, na nafasi hiyo ilimpeleka Olimpiki ya London 2012. Bao moja, Hamisi. Mimi nimekaa na karatasi usiku nikipiga hesabu mara tatu, nikitafuta labda nimekosea.

HAMISI: Hilo linauma kuliko Ureno.

ZUHURA: Umekubali?

HAMISI: Sijakubali kitu. Nimesema linauma.

ZUHURA: Sawa. Jambo moja linaniuma mimi kama mtu wa Unguja. Kwa sensa ya 2022 Zanzibar tuko karibu 1,900,000. Sisi ni mara kadhaa ya Iceland. CAF, shirikisho la mpira la Afrika, walitupokea uanachama Machi 2017, Julai wakatutoa. Vijana wetu wapo, fulana wanazo...

HAMISI: Zuhura, dakika nne.

ZUHURA: Nne? Na kumbi sijazisema! Kumbi kubwa za mpira zenye nyasi bandia, ya kwanza Keflavík mwaka 2000, watoto wanacheza ndani wakati nje theluji. Wale vijana wa 2011 walikuwa na miaka kumi, kumi na mbili hivi, kumbi zilipoanza kufunguliwa. Hilo lilikuwa funzo la pili. La tatu ni makocha, kwamba hata watoto wadogo kabisa wanafundishwa na watu wenye leseni za UEFA.

HAMISI: Tuyaache. Ukiyasema kwa dakika tatu utayaharibu.

ZUHURA: Daftari langu zima! Umelimaliza kwa bin na binti.

HAMISI: Wewe ndiye uliyeleta akina Guðjohnsen.

ZUHURA: Haya, nakubali hilo. Nitawajibu wasikilizaji watakaouliza kuhusu kumbi. Yusufu anacheza tena lini?

HAMISI: Kesho, saa kumi jioni. Fomu mpya nimeijaza jana, nimeandika Shekue, mkaguzi amepiga mhuri.

ZUHURA: Alhamdulillah. Yeye mwenyewe kasemaje?

HAMISI: Hajasema. Ila asubuhi nimeifua jezi yake, nikaigeuza ndani nje niianike. Kwenye lebo ya shingoni kaandika kwa kalamu ya wino: Yusufu bin Hamisi. Wino umechuja kidogo kwa sabuni, lakini unasomeka.

ZUHURA: Usiifue tena kabla ya mechi.

HAMISI: Siifui.