Gitaa nyuma ya fidla: kusindikiza ngoma za Kiayalandi

Karibuni tena. Leo gitaa nimelitoa kwenye begi mapema, maana kuna kutyuni kabla ya maneno mengi. Tunajifunza kusindikiza ngoma za Kiayalandi, zile nyimbo za kuchezea ambazo fidla, filimbi na akodiani hupiga melodi, na wewe wa gitaa unakaa nyuma yao. Nasema nyimbo ingawa hazina maneno, mtanizoea. Na nikisema kodi, ni zile za vidole, noti kadhaa zinazolia pamoja, si za serikali.

Mnaonifahamu mnajua nilianzia ridhimu kwenye bendi ya harusi Tanga, na sasa naishi Ennis, kaunti ya Clare, magharibi mwa Ayalandi. Huku jioni ukipita mtaani unasikia fidla kutoka baa hii na baa ile. Mara ya kwanza niliingia na gitaa, nikavuta kiti kati ya wapigaji, nikawamwagia ridhimu ya nyumbani: kodi zimejaa, mkono hautulii, raha tupu. Mzee wa fidla aliyekaa ubavuni mwangu alimaliza wimbo, akaniinamia: "Kijana, unanisikia?" Nikamjibu kweli, sikusikii vizuri. Akasema, "Hata mimi sijisikii." Halafu akaniagizia chai, nikajua nimesamehewa, lakini nimeambiwa. Nitakayoonyesha leo yote yanajibu swali lile la mzee.

Haya, tyuni kwanza. Uzi mnene kabisa, ambao kwa kawaida ni E, tunaushusha mpaka D. Ni uzi huo mmoja tu. Sikiliza: napiga uzi wa nne, ambao ni D tayari, kisha napiga ule mnene, nalegeza ufunguo kidogo kidogo... bado... bado... hapo. Ukisikia sauti mbili zimeacha kutetemeka na zimekuwa kama moja nene na moja nyembamba, umefika. Simamisha video ufanye na wewe.

Kwa nini D? Kwa sababu filimbi ya kawaida ya huku, iwe ya bati au ya mbao, imetengenezwa kwa D, na kamba ya chini kabisa ya fidla ni G. Nyimbo nyingi basi zimejikusanya kwenye D, G, A, na E maina (maina ni ile ngazi ya sauti yenye huzuni kidogo, meja ni ile yenye uchangamfu). Ukiwa na D nene chini ya kidole gumba, nusu ya kazi umeshamaliza.

Najua kuna mtu ataniuliza, mbona hutumii DADGAD, yaani nyuzi sita zityuniwe D, A, D, G, A, D? Ni tyuni nzuri sana. Aliibuni Mwingereza Davey Graham miaka ya 1960, na Mícheál Ó Domhnaill akaifanya iwe sauti ya gitaa la Kiayalandi alipokuwa na bendi ya The Bothy Band miaka ya 1970. Lakini inabadilisha nyuzi tatu, na mtu anayeanza anapoteza maumbo yote aliyoyazoea. John Doyle, mpiga gitaa wa Kiayalandi, anashusha uzi mmoja kama sisi, na hakuna anayemwambia amepungukiwa.

Sasa mkono wa kushoto. Kamera isogee kidogo... hapo. Kodi ya D: nyuzi tatu nene ziko wazi, hazishikwi. Kidole cha shahada uzi wa tatu, freti ya 2 (freti ni vile vyuma vilivyokatiza shingo ya gitaa, hesabu kuanzia kichwani). Kidole cha pete uzi wa pili, freti ya 3. Uzi wa kwanza, ule mwembamba kabisa, tumbo la kidole cha pete linaugusa tu ili unyamaze. Piga. Unasikia? Ni D na A peke yake, zimerudiwa mara kadhaa.

Uzi ule niliounyamazisha, ningeushika freti ya 2 kama tulivyofundishwa, ungetoa F kali (F iliyopandishwa nusu hatua), na F kali ndiyo inayotamka kwamba hii ni meja. Tusiitamke. Melodi za huku zina tabia ya kuingia meja na kutoka maina katikati ya sentensi, na ukishatoa hukumu yako kwa sauti kubwa, fidla akienda upande mwingine mnagongana. Ukitaka kusikia mgongano huo, tafuta rekodi za miaka ya 1920 zilizopigwa Marekani na wahamiaji wa Kiayalandi, kama Michael Coleman, fundi wa fidla kutoka Sligo. Fidla ni ya ajabu. Halafu nyuma yake, kwenye baadhi ya rekodi hizo, kuna piano inatembea njia yake kabisa, kodi za melodi nyingine. Wapigaji wa piano wa studio wengine hawakuwa wanaujua muziki ule. Sahani hizo zinapendwa mpaka leo, na piano inachekwa mpaka leo.

Kodi ya pili, E. Laza kidole cha shahada freti ya 2, kibane nyuzi tatu nene. Sehemu ya kidole iliyobaki inalalia nyuzi nyembamba bila kuzibana, kwa hiyo piki, kile kibao kidogo cha kupigia nyuzi, ikipita huko inatoa "tak" kavu. Hiyo tak tunaitaka, itakuwa ngoma yetu. Umbo hilohilo ukilisukuma freti ya 5, una G. Freti ya 7, una A. Kidole kimoja, kodi tatu. Ndiyo faida ya kushusha uzi mnene.

Tukija mkono wa kulia ndipo penye kazi, na hapa sitaharakisha.

Ngoma zipo za aina nyingi, ila mbili ndizo chakula cha kila siku: rili na jigi. Rili ina mapigo madogo manane kwenye kipimo kimoja. Sema nami: polepole, polepole. Silabi nane. Mkono unakwenda chini, juu, chini, juu, hausimami hata usipogusa nyuzi. Kila "po" piga nyuzi nene, wazi na kwa uzito. Silabi zilizobaki, piki ipite katikati ya nyuzi kama unafuta vumbi. Angalia kiwiko changu: hakichezi. Kifundo ndicho kinachocheza, kama mtu anayekung'uta maji mkononi. Ukiona bega lako linapanda, umeshakaza, acha, anza tena.

Jigi ina sita, tatu na tatu. Sema: twende na, twende na. Mkono: chini-juu-chini, chini-juu-chini. Umeona shida ilipo? Pigo la tatu ni chini, na la nne ni chini pia. Chini mbili zinafuatana. Mkono wako utakataa. Utataka kugeuza chini na juu kwa zamu, na ukifanya hivyo uzito wa "twe" ya pili unaangukia pigo la juu, unapotea. Mimi hii ilinichukua wiki mbili, nikipiga mapajani kwenye basi mpaka watu wakanihama kiti. Pigo la tatu lifanye fupi na jepesi, urudi upesi juu hewani bila kugusa, kisha uangushe la nne.

Waliokulia pwani mtasema sita hizi tunazijua, ni za chakacha. Hesabu ni hiyo, lakini chakacha inachezesha mbili na tatu kwa pamoja, kiuno kinajua mwenyewe. Jigi inakanyaga mbili tu, kama viatu vya mchezaji. Usiitingishe.

Tutie kwenye wimbo. Nimechagua Cooley's Reel, uliobeba jina la Joe Cooley, mpiga akodiani wa kaunti ya Galway aliyefariki mwaka 1973. Nimeuchagua kwa sababu unakubali kodi mbili tu, zile mlizozishika sasa hivi. Una sehemu mbili, kila moja ina vipimo 8 na inapigwa mara mbili, kwa hiyo mzunguko mzima ni vipimo 32. Ramani ni hii: vipimo viwili vya E, viwili vya D, viwili vya E, kimoja cha D, na cha mwisho kinagawanyika, "polepole" ya kwanza D, ya pili E. Sehemu ya pili, ramani ileile.

Naweka mashine ya kuhesabu kwenye 60, tiki moja kwa kila polepole moja. Mzunguko utachukua kama dakika moja. Kwenye baa watapiga 100 au zaidi, lakini hatuendi baa leo. Twende... E... E... sasa D, kidole cha shahada kinanyanyuka... D... E... E... D, na hapa gawanya, D, E. Kipimo cha nane ndicho kinachowaangusha wengi. Kirudie peke yake, D-E, D-E, mpaka kidole kisiulize.

Ukishaweza, fanya jaribio la yule mzee. Cheza rekodi ya fidla kwenye simu, sauti ya kawaida, simu iwe mezani, na usindikize. Ukishindwa kusikia kila noti ya fidla, umezidisha. Punguza nyuzi kabla hujapunguza nguvu: piga nene mbili tu. Msikilizeni marehemu Dennis Cahill, mpiga gitaa, alivyokuwa anamsindikiza Martin Hayes wa fidla. Kuna mahali anapiga noti moja pale ambapo mimi ningepiga kumi na sita.

Siku ya kwenda kukaa na wapigaji, angalia kwanza kama kuna gitaa lingine. Kama lipo, lako libaki begini, au muulize mwenzako kama mnapokezana. Gitaa mbili, kila moja na kodi zake, ni ugomvi. Wimbo usioujua, usiupige. Sikiliza mzunguko wa kwanza mzima, jaribu nyuzi nene tu mzunguko wa pili.

Mara nyingi wimbo hupigwa mara tatu kisha wanarukia mwingine bila kusimama. Kwa hiyo mzunguko wa tatu ukikaribia mwisho, acha kuangalia vidole vyako, mwangalie anayeongoza. Atainua nyusi, au atatamka herufi moja tu. Akisema "G", kidole chako kiwe kimeshaanza safari ya freti ya 5.