Yai Nyuma ya Swichi: Mjusi Kafiri Anavyochagua Pa Kutagia

Mhadhara kwa vijana wa ufundi umeme na ujenzi, Tanga

Walimu wenzangu, vijana wangu, asalaam aleikum na habari za asubuhi.

Nimeombwa nizungumze juu ya wanyama wa mjini, nami nimemchagua mmoja ambaye kila fundi umeme aliyemo humu amekwisha kutana naye uso kwa uso.

Mwezi uliopita nilikuwa kwenye nyumba moja kongwe ya mawe hapa mjini. Kijana wa kazi alikuwa ameshafungua skrubu mbili za swichi, kifuniko kinaning'inia kwa waya. Akaniita: "Mwalimu, njoo uone uchafu huu." Nikachungulia. Mayai mawili meupe, kila moja kama punje ya dengu, yamelala pembeni penye vumbi. Chini yake maganda matupu, yaliyopasuka upande mmoja. Nikayahesabu: tisa.

Mjusi kafiri hutaga mayai mawili kwa mkupuo. Basi yale maganda tisa ni ya nani? Ni ya mikupuo iliyotangulia, na huenda ni ya majike kadhaa. Wenye kuchunguza mijusi wanalieleza jambo hili kwa njia mbili. Kwanza, mahali pazuri ni pachache, kwa hiyo majike hukutana hapo wapende wasipende. Pili, ganda lililopasuka vizuri ni ushahidi: hapa yai lilitagwa na mtoto akatoka. Mimi naona zote mbili zina ukweli, ila hii ya pili inanigusa zaidi. Mjusi hakai na mayai yake wala halei mtoto. Zawadi pekee ya mama kwa mwanawe ni mahali alipomwacha.

Sasa niwaonyeshe kitu ambacho kila mmoja wenu anaweza kukiona leo usiku. Mjusi jike anaponasa kwenye kioo cha dirisha, taa ikiwa ndani nanyi mko nje, mtazameni tumboni. Ngozi yake ni nyembamba mno, mayai yanaonekana kabisa, moja kulia na moja kushoto. Shingoni, kwa baadhi yao, mtaona vibofu viwili vyeupe. Watu hudhani ni ugonjwa. Ni akiba ya chokaa.

Na hiyo chokaa ndiyo habari yenyewe niliyokuja nayo. Yai la mjusi kafiri hutoka likiwa laini, kisha hukauka upesi likawa gumu kama kigae. Ganda hilo huzuia maji yasipotee. Kwa hiyo mama hahitaji udongo wala unyevu. Anahitaji ufa: mwembamba, mkavu, wenye kivuli, usiotikiswa, wenye joto la kadiri. Zamani aliupata chini ya magome ya miti na kwenye miamba. Tukajenga kwa mawe ya matumbawe na chokaa, tukalaza boriti za mikoko, tukaezeka makuti. Hakuona tofauti, kwake zilikuwa nyufa tu. Leo tunampa nyuma ya swichi, kisanduku cha mita, nyuma ya friji, juu ya dari.

Mlinganisheni na kinyonga. Kinyonga wa miti yetu ya uani hushuka chini, akachimba shimo, akataga makumi ya mayai, akafukia. Mayai yake yana ganda laini, yanategemea unyevu wa udongo, na huchukua miezi mingi humo ardhini, pengine karibu mwaka. Sasa fikirini uani mwetu tunavyopapenda siku hizi: vitofali vya kupanga kutoka ukutani hadi getini. Huyo mama atachimba wapi? Mnaosema vinyonga wamepotea mtaani, miti bado ipo. Kilichopotea ni udongo.

Athari ya mji kwa mayai ya udongoni imepimwa Marekani. Miami kuna mijusi wadogo waitwao anoli, wenye asili ya visiwa vya Karibi, nao hutaga yai moja moja udongoni. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Auburn walichukua mayai ya anoli wa kahawia, wakayapitisha kwenye joto la ghafla kama linalopatikana kwenye udongo wa mjini usio na kivuli, hadi nyuzi 43 za Selsiasi. Vifo viliongezeka. Matokeo yalichapishwa mwaka 2018. Kwa mjusi wa aina hiyo, kivuli cha mti mmoja kando ya barabara ni suala la uhai.

Mjusi kafiri wetu naye amefika huko, na Brazil, na Karibi. Jina lake la kitaalamu, Hemidactylus mabouia, alipewa mwaka 1818 kwa mijusi wa Karibi, ingawa kwao ni Afrika. Mnyama ambaye yai lake linastahimili ukavu ndani ya ufa, hashindwi kusafiri na mizigo.

Najua wengi tumelelewa kumwua kila aonekanapo, kwa kisa cha moto wa Nabii Ibrahim, kwamba mjusi aliupuliza uzidi kuwaka. Hilo ni la masheikh, siliingilii. Ninyi nawaomba neno la ufundi. Mkikuta mayai kwenye swichi, lazima yatoke. Penye umeme hapana mjadala. Lakini yachukueni polepole, upande wa juu ubaki juu. Kama ilivyo kwa mayai ya kasa, kuyageuza kunaweza kumwua mtoto aliyekwisha jishikiza ndani. Yawekeni kwenye ufa mkavu, kivulini, ukutani kwa nje, mbali na mabati. Mabati saa saba mchana hayafai.

Yale mawili ya mwezi uliopita ninayo hapa, ndani ya kiberiti, kwenye pamba, sijayageuza. Naomba mzime taa za upande huu. Nikiweka tochi nyuma ya hili la kwanza, hivi, mnaona wekundu? Sogeeni. Ile mistari myembamba kama nyuzi ni mishipa ya damu. Na hicho cheusi, kinachocheza, ndicho jicho.