Mchango wa kila mwaka kwa wanaosomea ualimu

MAMA BÉA: Karibuni tena, tuko Lubumbashi, Kongo. Trésor, juzi uliniambia kundi la promosheni yenu, ninyi mliomaliza chuo mwaka mmoja, linabishana.

TRÉSOR: Ndiyo, Mama Béa. Sisi tuliosoma sayansi ya elimu pale Kasapa, Chuo Kikuu cha Lubumbashi, tunataka kuchangia fakilte yetu, yaani kitivo chetu. Wengine wanasema tungoje pesa iwe nyingi, tujenge ukumbi, jina la promosheni liandikwe juu ya mlango.

MAMA BÉA: Na wewe?

TRÉSOR: Mimi nataka kidogo kidogo, lakini kila mwaka.

MAMA BÉA: Niambie kwanza, wewe mwenyewe ulikwama wapi ukisoma?

TRÉSOR: Kwenye staji, yale mazoezi ya kufundisha shuleni. Nilipangiwa shule kule Ruashi, na nilikuwa nakaa Katuba. Wiki ya kwanza nilipata pesa ya basi. Ya pili nikaanza kutembea. Nafika nimelowa jasho, somo la kwanza limeshapita. Msimamizi akaandika kwamba sina bidii. Mama, mpaka leo inaniuma.

MAMA BÉA: Pole, mwanangu. Na watoto wa darasa lile nao walikosa somo.

TRÉSOR: Walikuwa wananingoja mlangoni.

MAMA BÉA: Hapo ndipo watu hawaoni. Kwetu, walimu wengi wa shule ya msingi wanatoka na diploma ya sekondari, zile humanités pédagogiques. Wanaosoma ISP, chuo cha juu cha ualimu, au fakilte ndio wanaenda kuwafundisha hao. Mwanafunzi mmoja akifanya staji yake vizuri, kesho anawatengeneza walimu wa madarasa mengi.

TRÉSOR: Na madarasa yenyewe yamejaa.

MAMA BÉA: Sana! Katiba ya 2006, kifungu cha 43, ilishasema shule ya msingi ya serikali ni bure. Ilipoanza kutekelezwa Septemba 2019, darasani kwangu benchi la watoto watatu likawa la watano. Nilifurahi, maana kuna waliokuwa wanafukuzwa kila mwezi kwa sababu ya pesa. Lakini mtoto anahitaji na mwalimu aliyefundishwa vizuri. Kaka yangu mkubwa alitaka pedagojia, ikabidi aende Kisangani, kwa sababu Mobutu alipounganisha vyuo vikuu mwaka 1971, fani hiyo ilipelekwa huko. Ninyi mmesomea nyumbani. Msilichukue kama jambo dogo.

TRÉSOR: Kuna mwenzetu anasema ametazama Marekani, vyuo vina mtaji mkubwa usioguswa, wanatumia faida yake tu.

MAMA BÉA: Ni kweli, lakini wana na mfuko wa pili, wa kila mwaka, pesa inayoingia na kutumika mwaka uleule. Wahitimu wa Yale walianza wa kwao mwaka 1890. Ninyi hamna mtaji. Anzeni na huu wa pili.

TRÉSOR: Tulipiga hesabu. Tuko 40. Kila mmoja dola 2 kwa mwezi, kwa mwaka ni 960.

MAMA BÉA: Hiyo ni basi ya staji kwa wanafunzi wangapi!

TRÉSOR: Na fotokopi za mafishi ya masomo, yale maandalio ya somo, na chaki. Nimewaambia wenzangu, ni kama likelemba, mchango wa kupokezana, ila anayepokea hayuko kwenye kundi.

MAMA BÉA: Umesema vizuri. Ila pesa isikae kwenye simu ya mtu mmoja. Nimeona michango mizuri ikifia hapo, mweka hazina anauguza mtoto, anakopa kidogo, mwaka unaofuata hakuna anayetoa tena.

TRÉSOR: Tumechagua watatu, na mmoja ni mwanafunzi. Kila robo mwaka hesabu inabandikwa kwenye valve, ubao wa matangazo, kila franka iliyotoka na jina la aliyeipokea.

MAMA BÉA: Majina ya wanafunzi msibandike. Kijana hapaswi kusomwa ukutani kwamba alikosa pesa ya basi. Andikeni idadi na kiasi, inatosha.

TRÉSOR: Hilo hatukulifikiria. Asante, Mama.

MAMA BÉA: Na mimi uniandike, dola 24, ingawa si promosheni yangu. Staji inaanza lini?

TRÉSOR: Februari.

MAMA BÉA: Basi pesa iwe mikononi mwao Januari, kabla hawajaanza kutembea kwa mguu.